Mwenzio Anapasuliwa Saratani: Namna ya Kuiendesha Nyumba Kabla na Baada ya Operesheni

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Watoto nimwachie nani? Kazini niseme nini? Bima italipa yote? Nilale hospitalini au nirudi nyumbani? Mama mkwe anataka kuja na watu saba, nimwambieje? Tangu mke wangu apasuliwe titi, nimeyajibu hapa Mombasa, barazani, ndani ya matatu, na usiku kwa simu za watu nisiowajua vyema. Majibu yenyewe hayabadiliki sana, ndiyo nikaona niyapange hapa.

Mambo ya uvimbe, dawa na aina ya upasuaji muulize daktari wako. Hapa tunazungumzia nyumba: chakula, shule, pesa, usingizi, wageni. Nimeandika nikimwona mume ambaye mkewe anapasuliwa, kwa sababu hiyo ndiyo hali niliyoipitia, lakini mke ambaye mumewe anapasuliwa tezi dume au utumbo atakuta hatua nyingi ni hizi hizi.

Shika jambo moja kuliko yote. Huwezi kuwa wodini na nyumbani kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila saa ya siku lazima iwe na mtu anayejulikana pande zote mbili. "Tutasaidiana" si mpango. "Khalati atawachukua watoto madrasa saa kumi na moja, Jumatatu hadi Alhamisi" ni mpango.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Daftari moja lenye jalada gumu. Simu huisha chaji, na mtu mwingine hawezi kuifungua.
- Faili la karatasi: majibu ya biopsi (kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe), picha na ripoti za skani, barua ya rufaa, orodha ya dawa anazotumia sasa, nakala za vitambulisho vyenu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa.
- Watu wanne: wa wodi, wa nyumba, wa pesa, na wa habari. Mmoja anaweza kubeba kazi mbili. Wewe usibebe zote nne.
- Akiba ndogo isiyoguswa, ya nauli za tuktuk, dawa za kununua nje na vipimo vya ghafla.
- Leso mbili safi, na kama ni upasuaji wa titi, madera au blauzi zinazofunguka mbele. Nguo ya kuvaliwa kichwani hataiweza siku za mwanzo.
- Namba za simu za muhimu zilizoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani nyumbani.

Hatua ya 1: Iandike nyumba

Kaa na mwenzio jioni mbili tatu akiwa bado na nguvu. Katika nyumba nyingi kuna mmoja anayejua yale madogo yanayoivusha siku: muuza maji hupita saa ngapi na mitungi mingapi inatosha, dukani tunadaiwa kiasi gani, mtoto yupi ana pumu na dawa yake ya kuvuta imewekwa wapi, sare ya michezo ni ya siku gani, nyanya anachomwa insulini kabla ya kula au baada. Hayo hayajaandikwa popote. Yakibaki kichwani mwake, utampigia wodini akiwa katika maumivu umuulize funguo za stoo.

Andika kurasa tatu. Ya kwanza ni ya kila siku, kuanzia anayeamka kwanza hadi anayefunga mlango. Ya pili ni ya kila wiki: sokoni Kongowea au Marikiti, kufua, madrasa au Shule ya Jumapili, kliniki za wazee. Ya tatu ni ya kila mwezi: kodi, tokeni za stima, karo, mshahara wa dada wa nyumba, mchango wa chama. Chama usikisahau. Kama zamu yake ya kupokea iko karibu, mwekahazina ajue mapema, na mchango wake uendelee. Wiki za operesheni si wakati wa mgonjwa kupoteza nafasi yake kwa wenzake.

Kosa linalorudiwa hapa ni kumpokonya kila kitu. Muulize ni lipi angependa kubaki nalo. Wengine huchagua kumsikiliza mtoto akisoma kwa simu kila jioni, na hilo huwapa nguvu. Mwachie.

Hatua ya 2: Bima na pesa

Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ya Kenya tuliyoizoea, NHIF, haipo tena, mahali pake pamechukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Usajili ni kwa *147#. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi, yaani fundi, muuza samaki, mpishi wa mahamri, hukadiriwa kwa kipato chake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na malipo huwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Wengi hugundua hili wakiwa tayari dirishani. Usingoje wiki ya upasuaji.

Nenda dawati la SHA la hospitali mtakayopasuliwa, na daftari mkononi, uulize haya na uandike majibu pamoja na jina la aliyekujibu:

1. Michango yetu iko hai? Mwenzangu na watoto wameunganishwa na jina langu?
2. Operesheni hii italipiwa kwenye fungu la upasuaji au la saratani?
3. Fungu la saratani limebaki kiasi gani? Fungu hilo huhesabiwa kwa kaya nzima kwa mwaka, na matibabu ya kemo (dawa za kuua saratani) na mionzi, yakihitajika baadaye, huchota humo humo.
4. Idhini ya bima imeshaombwa? Nani anaifuatilia, na itatoka lini?
5. Vitu gani nitanunua kwa mfuko wangu?

Swali la tatu ndilo watu husahau. Operesheni mara nyingi ni sehemu moja tu ya safari. Daktari anaweza kuamua baadaye kwamba kunahitajika kemo, mionzi, au vyote viwili. Mionzi siku hizi hutolewa hapa hapa kwenye kituo cha saratani cha Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, kwa hiyo si lazima kuhesabu nauli na malazi ya Nairobi. Hata hivyo miezi ya kwenda na kurudi hula pesa. Basi usiuze kiwanja na usichome akiba yote ili kulipia wiki moja.

Mchango wa jamaa uingie kwenye namba moja ya M-Pesa, ya mtu wa pesa, asiyekuwa wewe wala mgonjwa. Kila kinachoingia na kutoka kiandikwe, risiti zitunzwe kwenye bahasha, na kila Ijumaa au Jumapili jamaa wapate hesabu fupi. Ukoo hugombana zaidi kwa pesa zisizoelezwa kuliko kwa pesa zisizotosha.

Hatua ya 3: Kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, ukishatimiza miezi 12 mfululizo kazini. Haina likizo maalumu ya kumuuguza mke au mume, kwa hiyo siku utakazozitumia ni hizo hizo. Zigawe. Wengi huzimaliza zote wiki ya operesheni, wakati mgonjwa ana wauguzi wa kumwangalia, kisha anarudi nyumbani na mirija na bandeji na wao wanatakiwa kazini. Chukua chache kuzunguka siku ya upasuaji, na fungu kubwa liwe la siku za kwanza baada ya kutoka hospitali.

Kama mwenzio ameajiriwa, sheria hiyo inampa likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akishafanya kazi miezi 2, kwa cheti cha daktari. Waajiri wengi hutoa zaidi, hivyo muulize msimamizi wake.

Mweleze bosi wako kwa maandishi, kwa tarehe. Walio kwenye zamu bandarini au hotelini waombe kubadilishana mapema. Mwenye tuktuk au duka atafute wa kumshikia, na wakubaliane mgao kabla.

Hatua ya 4: Waambie watoto

Hapa ndipo wazazi husita, na ndipo nawasihi mno. Usiseme mama amesafiri. Mtaani hakuna siri. Mtoto wa jirani atasema "mamako ana kansa" kwenye foleni ya viazi karai, na tangu hapo mtoto wako hatakuamini tena, hata utakapomwambia kweli.

Kwa mdogo, maneno haya yanatosha: "Mama ana ugonjwa unaoitwa saratani. Uko kwenye titi. Daktari atautoa mama akiwa amelala usingizi wa dawa, hatasikia kisu. Akirudi atakuwa na bandeji, na hataweza kukubeba kwa muda. Hukuuleta wewe, na hauambukizi, utaweza kukaa naye." Kisha mwambie lile analolitaka hasa: nani atamwamsha, nani atamsuka au kumpeleka kinyozi, nani atamchukua shule. Mtoto hupima usalama wake kwa mambo hayo.

Akiuliza "mama atakufa?", usiapie jambo usilolimiliki. Sema: "Madaktari wanafanya kazi kumponya. Kukiwa na jambo jipya nitakwambia mimi mwenyewe." Halafu utimize.

Kwa vijana, sema zaidi na uwape kazi yenye mipaka. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naliona kila mara: binti wa kwanza hugeuzwa mama wa nyumba usiku mmoja. Anapika, anafua, anaosha wadogo zake, analala saa sita, na mwisho wa muhula alama zake zinaanguka na hakuna anayejua kwa nini. Kaka yake wa umri ule ule yuko uwanjani anacheza mpira. Kila mtoto mkubwa apewe kazi moja au mbili, wa kike na wa kiume, na masomo yasiguswe.

Mjulishe mwalimu wa darasa na ustadhi wa madrasa. Waombe wakupigie wakiona mtoto amebadilika: amenyamaza, anapigana, anasinzia.

Wodi nyingi haziruhusu watoto wadogo. Panga simu ya jioni kwa saa maalumu, au mama aache jumbe za sauti alizorekodi kabla ya kulazwa, wasikilize wakati wa kulala.

Hatua ya 5: Gawa saa, ukiangalia maji

Mombasa ni kisiwa, na mpango wowote usiokumbuka hilo huvunjika. Asubuhi magari yote yanaingia kisiwani, jioni yote yanatoka. Daraja la Nyali hujaa, Makupa hujaa, na feri ya Likoni saa za kazi ni umati.

Kwa hiyo mtu wa wodi awe upande ule ule wa maji na hospitali. Kama mnakaa Likoni au Mtongwe na mwenzio amelazwa Makadara, tafuta shangazi au rafiki aliye Majengo, Tononoka au Tudor ashike asubuhi, wewe uvuke baadaye umati ukipungua. Mtu wa nyumba naye awe wa mtaa wenu, anayeweza kufika kwa miguu mtoto akianguka shuleni.

Gawa siku mafungu manne: alfajiri hadi watoto waende shule, asubuhi hadi adhuhuri, alasiri hadi magharibi, na usiku. Andika jina moja la wodi na moja la nyumba kwa kila fungu. Penye nafasi tupu usijijaze wewe haraka haraka. Mpigie mtu umwombe fungu hilo moja, kwa siku moja. Watu hukataa "nisaidie" kwa sababu hawajui itaishia wapi, lakini "uje Jumanne saa nane hadi saa kumi na mbili" hulikubali.

Usiku wodini uliza kama jamaa anaruhusiwa kulala. Pasipo ruhusa, nenda nyumbani ulale.

Hatua ya 6: Damu

Uliza kama kutahitajika damu na ni uniti ngapi. Wachangiaji waende mapema, wakiwa wamekula na kunywa maji. Kila mchangiaji awe mzima, na uzito wake usipungue kilo 50. Si lazima wawe wa kundi la mgonjwa ikiwa wanarudishia benki ya damu, lakini ulizeni kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya mwisho kabla ya upasuaji

Hospitali itawapa saa ya mwisho ya kula na saa ya mwisho ya kunywa. Kwa kawaida chakula husimama angalau saa 6 kabla ya nusu kaputi, na maji matupu saa 2, lakini fuateni saa mliyopewa nyinyi. Hii ni kwa sababu tumbo lenye kitu linaweza kupandisha chakula hadi kwenye mapafu mgonjwa akiwa amelala.

Wazee wetu hupenda kumletea mgonjwa kombe (maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini), au zamzam, au maji ya baraka kutoka kanisani. Yapokeeni kwa heshima, ayanywe kabla ya saa hiyo. Baada yake hata funda moja laweza kuahirisha operesheni. Waelezeni nyanya na babu mapema, na wafurahi kwamba dua haina saa ya mwisho. Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa asipange dawa zake kufuata funga bila kuzungumza na daktari.

Jambo jingine la kwetu: hina na piko. Kuna kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa kwenye damu, na kucha zenye piko nyeusi au rangi zinaweza kukivuruga. Kama kuna harusi karibu, asipakwe vidoleni. Pete, bangili, kipini cha pua na hereni zibaki nyumbani. Kwa mwenye hijabu, muulize muuguzi kofia ya chumba cha upasuaji ikoje, na mwombe afunikwe hadi awe amelala. Mkiuliza mapema mtasikilizwa.

Mwambie daktari kila anachotumia: asprini, dawa za kulainisha damu, za sukari, za presha, mitishamba, habasoda. Baadhi husimamishwa kabla ya kisu. Msisimamishe wenyewe kwa kukisia.

Hati ya ridhaa hutiwa sahihi na mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu. Kazi yako ni kuhakikisha ameelezwa kwa lugha anayoielewa. Kama daktari amezungumza Kiingereza tupu, mwombe arudie kwa Kiswahili.

Nyumbani, jioni hiyo, pika vya siku mbili, jaza madramu ya maji, nunua tokeni.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mlangoni pa thieta anatosha mtu mmoja au wawili. Operesheni inaweza kuchelewa kuanza kwa sababu ya dharura ya mgonjwa mwingine, hivyo saa zikirefuka usihesabu mabaya. Kula kitu.

Daktari akitoka, uliza na uandike: Mmetoa nini? Kuna mirija mingapi ya kutolea maji? Sampuli inapelekwa maabara gani, na majibu yatatoka lini? Nani atapigiwa simu? Katika baadhi ya hospitali jamaa hukabidhiwa chombo cha sampuli akipeleke maabara mwenyewe. Ukipewa, hakikisha kina jina kamili la mgonjwa na upande uliokatwa, kimefungwa vizuri, dawa ya formalini imefunika nyama yote, na usiondoke maabara bila risiti. Hicho chombo ndicho kitakachoamua matibabu yanayofuata.

Kisha mpe mtu wa habari sentensi moja awapelekee wote: "Ametoka salama, anapumzika, wageni kuanzia siku fulani." Simu zote zimwendee yeye.

Hatua ya 9: Wageni

Kumtazama mgonjwa ni haki na ni thawabu, na hakuna wa kuizuia. Lakini mtu aliyepasuliwa hawezi kusimulia hadithi ile ile mara ishirini. Weka saa moja ya wageni kwa siku, watu wawili wawili, na mtu wa habari ndiye anayepanga. Mama mkwe na watu wake saba waje, ila wanne wapitie nyumbani wakale na watoto, wakafue, wakapige deki. Ukimpa mgeni kazi anaondoka ameridhika.

Asiruhusiwe chumbani anayesema kisu huamsha saratani ikasambaa. Si kweli, na ni maneno yanayomnyima mgonjwa usingizi. Mtoe nje kwa adabu, kwa kumshika mkono, umpe chai. Vivyo hivyo anayeanza kutaja nani alimtupia kijicho.

Hatua ya 10: Kumrudisha nyumbani

Ruhusa ya daktari hutoka asubuhi, lakini kufunga hesabu na bima huweza kula siku nzima, mkatoka wakati msongamano umeanza. Mtu wa pesa awe dirishani tangu asubuhi. Ikibidi kuvuka Likoni jioni, afadhali mngoje umati upungue au mzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, kuliko kidonda kipigwe viwiko. Chukua gari au tuktuk yenu pekee, dereva aende polepole kwenye matuta, na mto mdogo ubanwe kati ya kidonda na mkanda.

Kabla ya kuondoka wodini mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mikono yako jinsi ya kumwaga chupa ya mrija. Ufanye mbele yake. Ondoka na dawa, tarehe ya kliniki, na namba ya kupiga usiku.

Hatua ya 11: Wiki za kwanza nyumbani

Mrija na chupa vikae chini ya usawa wa kidonda. Mwaga asubuhi na jioni, osha mikono kabla na baada, andika mililita na rangi kwenye daftari. Kwa titi, madaktari wengi huutoa mrija maji yanaposhuka hadi karibu mililita 30 kwa saa 24, na hawawezi kujua bila maandishi yako.

Asibebe mtoto, ndoo wala mtungi hadi daktari aruhusu. Asikae pia na mkono umefungwa kifuani kama uliovunjika. Mazoezi aliyofundishwa ayafanye, bega lisigande. Dawa kali za maumivu hufunga choo: papai, maji, mboga, na kutembea hadi mlangoni.

Atakapotaka kujitazama kidonda kwa mara ya kwanza, muulize anataka uwepo au la. Akikuita, tazama naye, usigeuze uso. Usiseme "si kitu". Mshike mkono, umwache alie kama analia. Mengine ya ndoa yana wakati wake, na anayeujua wakati huo ni yeye.

Mambo yakienda kombo

*Tarehe imeahirishwa.* Uliza sababu na tarehe mpya kabla ya kutoka hospitalini. Hutokea kwa presha kupanda, sukari, kukosekana kwa damu au idhini ya bima. Mpango wa zamu usivunjwe, usogezwe tu.

*Ana joto usiku.* Nyuzi 38 au zaidi, kidonda kuwa chekundu na cha moto, usaha, harufu, au damu nyingi mbichi kwenye chupa: piga namba uliyopewa na umpeleke usiku huo huo. Kushindwa kupumua, maumivu ya kifua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dharura, msingoje kuche.

*Mrija umetoka au umeziba.* Usiurudishe ndani. Funika kwa bandeji safi, nenda hospitali.

*Mtoto ameanza kukojoa kitandani au hataki shule.* Hutokea sana. Asichapwe wala kuaibishwa. Mpe nusu saa yako kila siku, wewe na yeye tu, kwa wiki kadhaa. Isipobadilika, zungumza na mwalimu na daktari.

*Dada wa nyumba ameondoka ghafla.* Mpigie mtu wa nyumba, nunua chakula cha kupikwa siku mbili, mahamri na mbaazi asubuhi, wali jioni, hadi apatikane mwingine. Usimwamshe mgonjwa kwa hilo.

*Mgonjwa anainuka kufagia.* Mara nyingi anaona kazi haifanywi, au inafanywa vibaya. Mpe kazi ya kukaa, kama kuchambua mchele kwa mkono ulio mzima, na umalize ile iliyomwinua.

*Pesa zimekwisha.* Nenda kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, na hesabu zako za maandishi, kabla deni halijakua. Kisha jamaa waelezwe kiasi kamili kilichobaki.

*Wewe ndiye unayeanguka.* Kama hulali hata unapopata nafasi, au unawapigia watoto kelele kila jioni, toa mafungu mawili ya wiki kwa mtu mwingine na umweleze daktari au mshauri hali yako.

*Majibu ya maabara hayajatoka siku mliyoahidiwa.* Nenda maabara na ile risiti, usisubiri simu. Kama sampuli imekwama kwa malipo, lipa; kama haionekani, rudi kwa daktari aliyepasua siku hiyo hiyo, kwani hawezi kuamua juu ya kemo wala mionzi bila karatasi hiyo.